Figo za Mtoto na Moyo Wake: Jinsi Damu Ilivyofichua Siri

Katika mazungumzo yaliyopita tulieleza dalili za ugonjwa wa figo kwa watoto: uso unaovimba asubuhi, miguu kujaa, mkojo wenye povu au wa rangi ya chai. Leo tunaangalia jambo linalowashangaza wazazi wengi. Mtoto ameletwa kwa sababu ya figo, lakini anafungwa mkanda wa presha, anatolewa damu ya kupima mafuta, na pengine anatumwa kupigwa picha ya moyo. Mama husema, "Sista, mtoto wangu anaumwa figo, haumwi moyo." Ana haki ya kuuliza. Jibu la swali hilo liliwachukua madaktari karibu miaka 200 kulipata.

Tuanze mwaka 1827, London, katika hospitali iitwayo Guy's. Daktari Richard Bright alikuwa akiwatazama wagonjwa waliovimba mwili. Alitia mkojo wao kidogo kwenye kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa, na mkojo ukaganda mweupe kama ute wa yai. Ile ilikuwa protini ya damu, hasa albumini, iliyopotea kupitia figo zilizoharibika. Wagonjwa walipofariki, Bright alifungua miili yao, akakuta figo mbovu, na mara nyingi akakuta pia moyo mkubwa wenye ukuta mnene. Mwaka 1836 aliandika kwamba pengine damu iliyobadilika ndiyo iliyoulazimisha moyo kufanya kazi kupita kiasi. Kumbukeni kwamba wakati huo kipimo cha presha cha kufunga mkononi hakikuwapo. Kilikuja mwaka 1896. Alikisia, na alikisia vizuri.

Madaktari wa enzi hizo waliona jambo lingine: damu ya baadhi ya wagonjwa hao ikitulia, maji yake ya juu huwa meupe kama maziwa. Yale yalikuwa mafuta. Hapa nataka mama asikilize kwa makini. Figo zikivujisha albumini, ini hujaribu kutengeneza nyingine kwa haraka, na katika pilkapilka hiyo hutengeneza pia vitu vinavyobeba mafuta kwenye damu, kuzidi kiasi. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 4, mwembamba, asiyejua chipsi wala nyama ya kukaanga, anaweza kuonekana na kolesteroli iliyo juu kuliko ya babu yake. Si kosa la mama jikoni. Kwa watoto wengi dawa ikishatuliza figo, kolesteroli nayo hushuka.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi ilikuwa na mkanganyiko wake. Watoto waliovimba walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa na kwashiorkor, yaani utapiamlo wa kukosa chakula cha kujenga mwili. Yule wa figo na yule wa kwashiorkor wote huvimba, na wote albumini yao huwa chini. Lakini kolesteroli ya mtoto wa kwashiorkor kwa kawaida huwa chini, na ya mtoto wa figo huwa juu. Mkojo nao husaidia kuwatenganisha: wa figo huwa na protini nyingi. Kwa macho peke yake, hata leo, mtu anaweza kukosea. Kuna watoto wanaopewa dawa ya minyoo mara tatu kabla mtu hajawaza kupima mkojo.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Kibukamusoke na wenzake walichapisha mwaka 1967 uchunguzi wao kuhusu ugonjwa huu wa figo kuvujisha protini. Waliuhusisha na aina ya malaria ambayo homa yake hurudi kila siku ya nne. Tayari kule Guyana, Amerika Kusini, ilikuwa imeonekana kwamba malaria ilipodhibitiwa, ugonjwa huo wa figo nao ulipungua sana. Kwa huzuni, kumpa mtoto dawa ya malaria baada ya figo kuharibika hakukuziponya.

Nairobi nako kulikuwa na jambo letu wenyewe. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walitoa taarifa ya watu wazima 60 wenye ugonjwa huo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu walipoziacha. Naitaja kwa sababu krimu za namna hiyo bado hupatikana sokoni, nyingine bila maandishi ya kueleweka, na mama anayejipaka humshika mtoto kwa mikono hiyo hiyo.

Lakini moyo je? Huko Seattle, Marekani, mwaka 1960 walianza kuwasafisha damu kwa mashine, tena na tena, watu ambao figo zao zimekufa kabisa. Mmoja wa wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Ilikuwa ajabu kubwa. Mwaka 1971 alifariki, na kilichomuua kilikuwa mshtuko wa moyo. Mwaka 1974 madaktari wa mji huo waliandika kwamba wagonjwa waliokaa sana kwenye mashine walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wao.

Watu walidhani hayo ni mambo ya watu wazima. Mwaka 2000 dhana hiyo ilianguka. Huko Los Angeles vijana 39 waliokuwa wakisafishwa damu walipigwa picha ya mishipa ya moyo. Kati ya 23 waliokuwa chini ya miaka 20, hakuna aliyeonekana na tatizo. Kati ya 16 wa miaka 20 hadi 30, 14 walikuwa tayari wana chokaa kwenye mishipa ya moyo. Mtu wa miaka 25! Miaka 2 baadaye Wajerumani walipima watu wazima ambao figo zao ziliharibika tangu utotoni, nao wakakuta chokaa kwa karibu wote.

Chokaa hiyo hutoka wapi? Figo nzima hutoa fosforasi iliyozidi. Figo mbovu huiacha kwenye damu, nayo hukutana na kalsiamu na kuganda kwenye kuta za mishipa, kama ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Na katika wale vijana wa Los Angeles, wenye chokaa walikuwa wakimeza vidonge vya kalsiamu kwa kiasi cha karibu mara mbili ya wenzao. Kwa hivyo tafadhali, usimnunulie mtoto wa figo kalsiamu kwenye duka la dawa kwa sababu jirani amekwambia ni ya mifupa. Daktari wake ndiye anayepanga kiasi.

Upungufu wa damu nao huuchosha moyo. Figo ndizo hutuma agizo la kutengeneza damu. Agizo likikosekana, himoglobini hushuka, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi ili damu hiyo hafifu itoshe. Ukuta wake hunenepa, vile vile alivyouona Bright.

Habari njema ilitoka Ulaya mwaka 2009. Watoto 385 wenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu walifuatiliwa kwa miaka 5. Wote walipewa dawa ya presha, ila kundi moja lilishushwa presha zaidi ya lingine. Katika kundi hilo, waliofikia hatua mbaya ya figo walikuwa karibu 30 kwa kila 100. Katika lile lingine karibu 42. Tofauti hiyo ilitokana na kushusha presha zaidi.

Kwa hivyo mtoto wako akifuatiliwa kwa ugonjwa wa figo, uliza presha yake ilikuwa ngapi, na uombe iandikwe kwenye daftari lake. Angalia pia mkanda. Ukiwa wa mtu mzima kwenye mkono mdogo, hesabu hutoka chini kuliko ukweli, na presha ya mtoto hupita bila kuonekana. Uliza juu ya himoglobini, albumini, kreatinini, fosforasi na kolesteroli. Na karatasi za maabara usitupe. Ziweke kwenye bahasha moja, za mwaka jana pamoja na za juzi, uje nazo zote kliniki, maana daktari hutaka kuona kama fosforasi inapanda au inashuka, na karatasi ya siku moja haiwezi kumwonyesha hilo.