Stelingi Hafi

Katika vibanda vya video vya miaka ya tisini kulikuwa na sheria moja ambayo haikuhitaji kubandikwa ukutani: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi tatu, akaanguka kutoka ghorofani, akazama mtoni na kufukiwa na kifusi, lakini mwisho atainuka, atajipangusa vumbi na kummaliza adui. Ndiyo maana jioni moja ya Novemba 1995, Muleba, mjomba wangu alipoonyesha Terminator 2 kwa mara ya kwanza, watu wazima walimzingira wakidai warudishiwe pesa zao. Walikuwa wamelipia stelingi anayeishi. Huyu alishushwa mzima mzima ndani ya chuma kilichoyeyuka, akaisha.

Sikuwapo. Nilizaliwa miaka sita baadaye. Lakini nimeisikia habari ya jioni ile kwenye misiba na harusi za kwetu mara nyingi kiasi kwamba nilipoanza shahada ya uzamili ya historia na kutakiwa kuchagua mada, nilichagua vibanda vya video vya Kagera. Msimamizi wangu aliniuliza swali la haki kabisa: filamu hizo zilipokelewaje, na wahakiki walisema nini? Nikaenda maktaba kusoma wahakiki wa Marekani. Kisha nikapanda basi kwenda Bukoba kumsikiliza mjomba.

Tuanze na Marekani. Mwaka 1984 James Cameron alitoa The Terminator, filamu iliyogharimu dola milioni 6 na ushee, kiasi kidogo kwa viwango vya Hollywood. Mashine yenye umbo la mtu inatumwa kutoka wakati ujao kumuua mwanamke aitwaye Sarah Connor kabla hajamzaa mtoto atakayeongoza vita dhidi ya mashine. Filamu ya pili ilitoka Julai 1991 na iligharimu takribani dola milioni 100. Kabla yake hapakuwa na filamu iliyogharimu zaidi. Safari hii mashine ya aina ileile, kwa sura ileile ya Arnold Schwarzenegger, inakuja kumlinda mtoto. Adui ni mashine mpya, ya chuma kinachotiririka kama maji, inayoweza kuvaa sura ya mtu yeyote. Filamu iliongoza kwa mapato duniani mwaka ule na mwaka uliofuata ikapata tuzo nne za Oscar: sauti, uhariri wa sauti, vipodozi na picha maalumu.

Wahakiki wengi walistaajabia kile chuma cha maji. Kompyuta ilikuwa imefanya jambo ambalo macho ya watu hayakuwahi kuliona. Wengine waliuliza inakuwaje filamu inayohubiri amani imejaa bunduki kiasi kile. Wengine waliandika juu ya misuli ya Linda Hamilton, aliyecheza Sarah. Baadaye wasomi wa vyuo vikuu waliingia. Susan Jeffords, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu wanaume wenye miili ya chuma wa Hollywood, alidai kwamba filamu ile imempa mashine kazi ya ulezi: mashine inageuka kuwa baba bora kuliko baba yeyote, na mama anasukumwa pembeni ndani ya hadithi yake mwenyewe.

Niliposoma hoja hiyo nilicheka peke yangu maktabani. Bibi yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alibishana nayo mlangoni mwa kibanda.

Kwanza niseme kanda ilivyofika. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na chao tangu 1973. Kwa watu wa Kagera, picha zilikuja kwa njia nyingine: kanda za VHS, nyingi zikiwa nakala ya nakala, zilizovuka mpaka wa Mutukula kutoka Uganda au kushuka melini kutoka Mwanza. Mjomba alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa ameachia shule kidato cha pili, akawa anafuatana na wafanyabiashara hadi Masaka na Kampala. Huko ndiko alikoona jambo lililomshangaza: mtu ameketi kando ya televisheni na kipaza sauti, anaeleza filamu ya Kizungu kwa Kiganda huku ikiendelea. Anatafsiri, anatania, anawatetea wahusika, anawaonya. Kiganda na Kihaya ni majirani, kwa hiyo alielewa vya kutosha kucheka. Alirudi Muleba na wazo.

Dar es Salaam nako sanaa hiyo ilikuwa na magwiji wake, maarufu kuliko wote akiwa Derek Mukandala, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Lufufu. Yeye alirekodi sauti yake ndani ya kanda, na kanda zikasafiri. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimuliaji hawa, aliita kazi yao kugeuza wali kuwa pilau. Mjomba hakurekodi chochote. Alikuwa na jenereta ya kukodi, deki moja, televisheni ya inchi ishirini na moja, mabenchi ya mbao na mdomo wake. Kila onyesho lilikuwa jipya na kila onyesho lilipotea lilipokwisha. Hata kanda yenyewe haipo. Iliharibika nyumba yake ya Hamugembe ilipobomoka katika tetemeko la 10 Septemba 2016.

Kiingereza chake hakikutosha kuifuata Terminator 2, na anakiri. Pale maneno yalipompita, aliangalia nyuso na kuamua. Na ili kuelewa alichoamua, inabidi kukumbuka nani walikuwa wameketi kwenye mabenchi yale.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ugonjwa ulikuwa haujapata jina. Watu wa mpakani waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikitoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 uliwakuta na virusi karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika mji wa Bukoba. Muleba vijijini hali ilikuwa nafuu kuliko mjini, lakini makaburi kwetu huchimbwa shambani, katikati ya migomba, na kila familia iliweza kuhesabu ya kwake. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado miaka mingi mbele. Kwa hiyo mwaka 1995, jioni ya filamu, sehemu kubwa ya watoto waliolipa sarafu ya shilingi ishirini na kukaa sakafuni mbele ya mabenchi walikuwa hawana baba, au hawana mama, au hawana wote. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, ambaye ni baba wa mjomba pia, alikuwa amezikwa mwaka 1993.

Watoto hao hawakuishangilia sana mashine ya maji. Mjomba anasema walipiga kelele mara moja tu ilipopenya nondo za mlango, basi. Walichofuatilia ni yule mtoto John, asiye na baba, anayemfundisha mashine kupiga kiganja, kutabasamu na kutoua watu. Mtoto anamwamuru mtu mzima na mtu mzima anatii. Mtu mzima ambaye hachoki, halewi, haugui. Kuna sehemu Sarah anawatazama wawili hao na kuwaza kwamba katika wanaume wote waliopita maishani mwake, ni mashine hii pekee isiyoweza kumwacha mtoto wake. Wahakiki wa Marekani walibishana kama hapo kuna kejeli. Kibandani palikuwa kimya, mjomba anasema, akasikia jenereta.

Kisha ukaja mwisho. Kiwanda cha chuma, tanuru, mashine inaaga. Watoto walilia, watu wazima wakaghadhibika: stelingi amekufa, rudisha pesa. Mjomba, aliyekuwa amekwisha kutumia nusu ya mapato kununua mafuta ya jenereta, alinyakua kipaza sauti na kutangaza kwamba stelingi hajafa. Ametoka kwenye chuma na amerudi kwa mhunzi. Atafuliwa upya.

Kwa mtu wa kwetu maneno hayo hayakuwa mzaha mtupu. Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma miaka ipatayo elfu mbili iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba tanuru za Buhaya zilitoa chuma cha pua kwa kupasha hewa joto kabla haijaingia ndani. Tanuru kwetu si mahali pa kufia tu. Schmidt aliwasikia wazee wakiizungumzia kwa lugha ya uzazi, kama tumbo la mama.

Lakini watu wazima hawakununua. Ndipo Bibi alipoingilia. Alikuwa mlangoni na ungo wa senene, kwa kuwa ulikuwa msimu wake, na alikuwa ameitazama filamu yote kupitia upenyo wa pazia bila kulipa.

"Nyie mmeangalia nini?" aliwauliza. "Nani aliyeshika kile kitufe cha kumshushia? Si yule mama? Stelingi ni yule mama. Naye hajafa. Nendeni mkalale."

Walikwenda. Wengine walinunua senene.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi. Jeffords anasema filamu imemnyang'anya mama nafasi yake na kumpa mashine. Nadhani yuko sahihi kuhusu filamu. Bibi hakuwa akieleza filamu inakusudia nini. Alikuwa mjane mwenye wajukuu na watoto wa jirani saba chini ya paa moja, akitazama watu wazima wakimlilia baba wa chuma huku wanawake waliobaki na watoto wamesimama mlangoni. Alichukua nafasi ile akairudisha. Huo ni uhakiki, na una mahali na tarehe yake.

Desemba iliyopita niliitazama filamu na mama, Bukoba, kwenye kompyuta yangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bila sauti ya kaka yake. Katikati alisema sauti ya Schwarzenegger haimkai.

"Mjomba wako alimsemesha yule roboti kama baba," alisema. "Baba yetu. Alikuwa anasema polepole, anamalizia chini. Ndiyo maana nilikuwa narudi kila alipoionyesha."

Nilipomuuliza mjomba, alinyamaza, akapanga chaja kwenye rafu ya duka lake la simu, kisha akasema hakukusudia. Sauti ilikuja tu.

Nimeiandika sura ya tatu. Pembeni ya maneno ya Bibi msimamizi ameandika kwa penseli: "Chanzo?" Nimejibu: kwa mdomo, Muleba, Novemba 1995, kama walivyokumbuka watoto wake wawili. Kabla ya kuikabidhi nilimpigia mama kumwomba ruhusa.

"Utaandika baba alikufa na nini?"

"Ukikubali, mama."

Alikaa kimya kwa muda. "Miaka ile tulisema amelogwa," alisema. "Andika. Andika na mwaka."

1993.