Ukipiga Tizi Unatoka Jasho Kama Mvua? Hii Ndiyo Maana Yake

Msee, jaribu kukimbia ukipanda kilima cha Nuu kule Mwingi jua likiwaka. Shati italowa kabla ufike nusu, na beshte yako bado ako kavu. Usishtuke, hiyo si ugonjwa.

Misuli ikifanya kazi hutoa joto, na jasho likikauka kwenye ngozi ndilo hukupoza. Mtu aliyezoea tizi huanza kutoka jasho mapema na jingi zaidi, kwa hivyo huenda uko fiti kuliko unavyodhani. Uzito na jeni pia huchangia.

Lakini usidanganywe ati hayo ni mafuta yanayeyuka. Ni maji na chumvi. Ukivaa jaketi nzito ndio upungue, kilo zitarudi ukishanywa maji.

Na joto si mchezo. Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku na bado joto lilipita digrii 30. Ruth Chepngetich wetu alibeba dhahabu, lakini kati ya wakimbiaji 68, 28 hawakumaliza.

Acha tizi mara moja ukisikia kizunguzungu, kutapika ama maumivu ya kifua na jasho baridi. Beshte akianza kuongea ovyo huku mwili ukichomeka, hata kama bado anatoka jasho, mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi, kisha mbio hospitali.

Kunywa maji, toka asubuhi mapema. Jasho ni rafiki, msikize.