Mwendo wa Isukuti

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na kazi ya kutengeneza filamu za kuwaonyesha Waafrika ikakabidhiwa William Sellers. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini hamudu picha za haraka. Hivyo filamu zikaenda polepole, kamera ikatazama jambo moja kwa muda mrefu, na mbinu zozote za kuchezea picha zikapigwa marufuku. Mimi ni mzaliwa wa Shinyalu, Kakamega. Nikisoma habari hizo hujiuliza kama kuna yeyote katika watengenezaji wa filamu hizo aliyewahi kusimama huku asubuhi ya kupiganisha fahali.

Fahali husindikizwa uwanjani kwa isukuti. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbaji kiongozi anarusha maneno, wanaume wana safu yao na wanawake yao, mabega yanatetemeka kwa kasi ambayo miguu haina. Watoto wanafuata yote hayo kwa pamoja, na hakuna anayewapunguzia mwendo.

Mimi huhuisha michoro: matangazo, nembo, video za afya. Kazi hii ilipata nguvu Kenya mwaka 2010, ilipoanza kuonyeshwa Tinga Tinga Tales iliyohuishwa na Homeboyz Animation ya Nairobi, vipindi 52 vyenye wanyama waliochorwa kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, Dar es Salaam. Sisi wa Kakamega tuliingia kwa mlango wa Blender, programu iliyo huru na ya bure tangu 2002. Rangi za Tinga Tinga zilikuwa za kwetu kabisa, na nazipenda hadi leo. Ninachokitafuta mimi ni mwendo wa kwetu.

Kwa hiyo naanza na sauti ya isukuti. Sekunde moja ina fremu 24, na mara nyingi mchoro mmoja hukaa fremu mbili. Natia alama kila pigo la ngoma kubwa: hapo ndipo uzito wa mwili unapotua. Ngoma ya kati naipa mikono. Ile ndogo ni ya pindo la leso, manyoya, vumbi. Kabla ya pigo kubwa naacha fremu chache mwili ujikunje, maana mpigaji naye huinua mkono kwanza.

Mteja mmoja aliwahi kuniambia nipunguze kasi ya tangazo la mbegu ili watu wa mashinani waelewe. Nilikataa, na ningekataa tena.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Tangu nilipolijua hilo, nikienda kurekodi naichukua kila ngoma peke yake, kisha zote tatu pamoja. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huanza na rekodi hizo: wanahesabu mapigo kwa vidole na kuyaandika kwa kalamu, kompyuta ikiwa bado imezimwa.