Mushishi: Katuni ya Kijapani Isiyopiga Kelele

Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne ndiye aliyenitia katika mambo haya. Nilikuwa nikimkemea kwa kukesha na katuni za Kijapani, zile za vijana kurushiana moto mpaka milima ikapasuka. Akaniambia, "Mjomba, hebu keti nikuonyeshe moja isiyokuwa na vita." Nikakaa kwa kumridhisha tu. Kipindi kilipokwisha, mimi ndiye niliyeuliza kama kuna kingine.

Katuni yenyewe inaitwa Mushishi. Asili yake ni manga, yaani hadithi ya picha, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama tusomavyo Kiarabu. Mtunzi na mchoraji wake ni mwanamke, Yuki Urushibara. Alianza kuitoa mwaka 1999 katika majarida ya kampuni ya Kodansha, akaimaliza 2008, ikakusanywa katika juzuu 10. Mwaka 2005 studio ya Artland, chini ya mwongozaji Hiroshi Nagahama, ikaigeuza kuwa anime ya vipindi 26. Mashabiki walingoja mpaka 2014 kupata msimu wa pili wa vipindi 20, na mwaka uliofuata ukaja mwisho wake, filamu fupi iitwayo Suzu no Shizuku. Kuna pia filamu ya mwaka 2006 ya waigizaji watu, iliyoongozwa na Katsuhiro Otomo, yule wa Akira. Hiyo si lazima uitafute.

Sasa mushi ni nini? Katika Kijapani cha kila siku neno hilo ni mdudu. Humu ni aina ya uhai iliyo chini kabisa, karibu na pale uhai wenyewe unapochipuka, kabla haujagawanyika kuwa mmea au mnyama. Watu wengi hawawaoni. Wengine huonekana kama uzi wa mwanga, wengine kama ukungu, wengine huishi ndani ya sikio au ndani ya mto wa kulalia.

Hapa nataka msomaji mwenzangu atulie, maana najua swali linalokuja. Sisi tuliolelewa Pwani, tukisikia kiumbe kisichoonekana, akili inakimbilia majini, na mzazi mwenye hofu ya Mungu atauliza kama mtoto wake anafundishwa shirki. Nimeitazama kwa jicho hilo hilo. Mushi si mizimu ya wafu, si mashetani, hawaombwi wala hawatumwi kwa adui. Hawana chuki. Wanaishi tu, na maisha yao yanapogongana na ya binadamu, binadamu huumia. Kama mbu: hakukusudia kukutia malaria, alikuwa akitafuta chakula chake.

Anayeshughulikia migongano hiyo ni Ginko, mtu wa nywele nyeupe na jicho moja la kijani, mwenye sanduku la dawa mgongoni na sigara mdomoni. Sigara ile ina kazi, moshi wake hufukuza mushi. Mwili wake huwavuta, kwa hivyo akikaa mahali pamoja siku nyingi huwajaza pale na kuwaletea wenyeji balaa. Basi hutembea daima, kijiji hadi kijiji, katika Japani ya kubuni iliyo kati ya enzi ya Edo na ya Meiji. Kila kipindi ni kisa kamili, chenye watu wake. Isipokuwa Ginko, ni nadra kumuona mtu mara ya pili. Hakuna adui mkuu, hakuna mashindano. Ukikosa vipindi vitano hujapotea.

Utadhani jambo hilo linachosha. Kinachokushika ni namna Ginko anavyofanya kazi. Hafiki na kuanza kupunga. Anauliza: ulianza lini kuumwa, ulikunywa maji ya wapi, nani mwingine katika nyumba hii? Anasikiliza. Mara nyingine ana dawa, mara nyingine anakosea, na mara nyingine dawa yenyewe ina gharama ambayo mgonjwa hataki kuilipa. Nilipokuwa nikimtazama nilikumbuka ni nyumba ngapi nimeingia ambamo mtu ameugua na jirani akatajwa kabla hata ya kuulizwa anaumwa wapi.

Kuna kisa cha kijiji cha milimani chenye theluji, ambako mushi wanaokula sauti huingia masikioni, na mtoto mmoja ameota pembe kwenye paji la uso. Tiba inapatikana katika sauti unayoisikia ukiziba masikio kwa viganja. Jaribu sasa hivi: ule mvumo wa mbali. Nilisimamisha simu nikajaribu mwenyewe, mpwa wangu akanicheka. Kuna kingine cha mwanamume anayemngoja ufukweni mke aliyepotelea ndani ya ukungu wa bahari baada ya wao kutoelewana. Wanaoishi na wavuvi hawahitaji kuelezwa kisa hicho.

Kilichonikaa zaidi ni cha sita, cha binti aitwaye Akoya. Anaishi kisiwani, wenyeji wanamtukuza kama mungu, na babake ananufaika kwa utukufu huo. Ukweli ni kwamba ana mushi mwilini, na kwa sababu yake kila asubuhi huzaliwa upya na kila jioni huzeeka na kufa. Siku moja kwake ni umri mzima. Ginko anamtoa mushi yule, anapona. Kisha binti anatishika. Siku zinafuatana bila mwisho, mbele yake hakuna kinachomjaza moyo kama zamani. Anamrudia mushi kwa hiari yake.

Mamangu ana miaka saba sasa kumbukumbu zimemtoka. Kila asubuhi ananiuliza mimi ni mtoto wa nani, nikimwambia anafurahi kama aliyepokea habari mpya. Nimetumia miaka kumsahihisha: la mama, baba alishafariki, la mama, nyumba ile tuliiuza. Kila nikimsahihisha analia msiba upya. Baada ya kipindi kile niliacha. Akiniuliza baba yuko wapi, namwambia ametoka. Dadangu anasema huo ni uongo, na hatujakubaliana mpaka leo.

Nirudi kwenye anime. Muziki wake ni wa Toshio Masuda, na kila kipindi hufungwa kwa kipande chake pekee, ndiyo maana usikimbilie kuzima majina yanapopita. Wimbo wa ufunguzi wa msimu wa kwanza ni wa Mskochi, Ally Kerr, gitaa na sauti ya upole. Rangi nyingi ni za msitu na mvua.

Si ya watoto wadogo. Ina vifo na huzuni, na vipindi vichache vinatisha kwa ukimya wao. Kwa kuanzia, nakushauri kipindi cha tatu au cha sita, kimoja kwa usiku, baada ya Isha nyumba ikishatulia. Mpwa wangu anavitazama vinne kwa mpigo, nami namwambia hivyo ni kubugia.