Mbili Katika Mia

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma juu ya manung'uniko yaliyotokea katika Kanisa la kwanza. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Chakula kilikuwapo, na upendo ulikuwapo pia, kwa maana watu walikuwa wameuza mali zao wakaleta fedha miguuni pa mitume. Lakini kati ya mahali fedha zilipowekwa na mlango wa mjane palikuwa na njia, na njia hiyo haikuwa na mtu wa kuilinda. Mitume waliliita kusanyiko, wakachaguliwa watu 7 wenye sifa njema wasimamie jambo hilo. Kwa Kanisa, hapo ndipo tunapouona mwanzo wa diakonia. Kwa makala hii, hapo ndipo tunapopata swali letu: fungu la mnyonge likishatengwa, nani analisindikiza mpaka limfikie?

Sisi wa Ngarenaro tunaishi karibu na mahali ambapo taifa letu lilijibu sehemu ya swali hilo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na ukumbi wa Kaloleni, si mbali na kwetu, leo ni makumbusho yake. Tunalikumbuka Azimio kwa siasa ya ujamaa na kujitegemea, lakini ndani yake mna jambo ambalo wengi hupita bila kuliona. Lilipofundisha kwamba kila mtu aishi kwa jasho lake na asiwepo mnyonyaji, liliwataja kwa jina wale wasiodaiwa jasho hilo: watoto wadogo, wazee waliokwisha kuishiwa nguvu, na watu wenye ulemavu, ambao wakati ule waliitwa vilema. Hao wana haki ya kubebwa na jamii, wala si wanyonyaji.

Azimio halikueleza fedha za kuwabeba zitatoka mfuko gani. Kwa miaka mingi mzigo huo ulibaki kwa familia na kwa mashirika ya dini. Kanisa letu, lililoungana na kuwa KKKT mwaka 1963, lilikuwa na Shule ya Wasioona Irente kule Lushoto, na mwaka 1981 ikaanzishwa Shule ya Viziwi Mwanga. Mwaka huo wa 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu.

Serikali za mitaa zenyewe hazikuwa na nguvu. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Miji ilirudishiwa halmashauri zake mwaka 1978. Kisha ukaja mwaka 1982, ambao tunaomba wasomaji wauwekee alama. Mwaka huo Bunge lilitunga sheria mpya za serikali za mitaa, pamoja na sheria ya fedha zake. Mwaka huohuo likatunga pia sheria mbili za watu wenye ulemavu, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Sheria ya matunzo iligawa wajibu kwa familia, ndugu, serikali za mitaa, serikali kuu na mashirika yasiyo ya serikali. Kwa hiyo halmashauri ilizaliwa upya ikiwa tayari na deni kwa jirani mwenye ulemavu. Lakini mzigo ukigawiwa watu wengi bila kuelezwa nani abebe kilo ngapi, kila mmoja humtazama mwenzake, na mara nyingi anayebaki nao ni mama mzazi, peke yake.

Miaka ya 1990 kulitokea mabadiliko. Kuanzia mwaka 1993 ilianzishwa mifuko ya mikopo ya wanawake na vijana, na halmashauri zikatakiwa kuchangia asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nusu kwa wanawake na nusu kwa vijana. Watu wenye ulemavu hawakuwa na fungu lao. Tena asilimia hiyo ilitegemea utashi wa kila halmashauri: iliyotaka ilitoa, isiyotaka ilisema makusanyo ni madogo.

Sera ya Taifa ya mwaka 2004, kuridhiwa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 vilibadili lugha. Tulitoka kwenye matunzo tukaingia kwenye haki. Sheria ya 2010 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu katika eneo lake, na inataka ziwepo kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka 2018 haki hiyo ilipewa kiasi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, na ile asilimia 10 ikawa amri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba.

Tuisome hesabu hiyo kwa macho ya sokoni. Halmashauri ikikusanya shilingi 1,000 za mapato ya ndani, baada ya kuondoa yale yenye matumizi maalumu, shilingi 20 ni za mikopo ya watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazikutoka kwa mfadhili wa ng'ambo. Ni ushuru wa mama mwenye meza ya mboga, leseni ya mwenye duka, tozo ya mwenye nyumba ya wageni. Ni fedha ya jirani kwa jirani, na sheria imekaa katikati ili asisahaulike mtu.

Hata hivyo ukweli wa Matendo sura ya 6 ulijirudia. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha, mwaka hadi mwaka, mikopo isiyorejeshwa, vikundi visivyoonekana vilipotafutwa, na halmashauri zisizotoa fungu lote. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Mwaka 2024 ikaanza kurejeshwa: halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu njia ya benki, na nyingine zikaendelea kwa taratibu zilizorekebishwa. Katika kipindi hicho cha katikati, fundi viatu asiye na miguu ambaye hajawahi kukopa wala kudaiwa alisubiri sawasawa na kikundi hewa. Fedha ya mnyonge ikiibwa, mnyonge huibiwa mara mbili: kwanza fungu lake, kisha mlango hufungwa naye akiwa nje.

Liko jambo jingine ambalo historia hii inatufundisha. Asilimia 2 ni mkopo. Mkopo unamfaa mwenye kuweza kufanya biashara, naye anaheshimika kwa kukopeshwa kama mtu mzima mwenye kazi yake. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo hakopi. Mama anayembeba mgongoni mpaka miaka 9 hana saa ya kuhudhuria kikao cha kikundi. Huyo anahitaji kiti mwendo, mazoezi ya viungo na shule inayompokea, na hayo yanatoka katika mafungu mengine ya bajeti yasiyo na asilimia iliyowekwa. Tusikubali kuambiwa kwamba 2 katika mia imemaliza wajibu wa 1982 na wa 2010. Imemjibu mmoja. Mwingine bado yuko kwenye mkeka, kama yule aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari.

Basi usharika ufanye nini? Katika Kanisa letu tuna mtaa, na serikali nayo ina mtaa. Mara nyingi watu ni walewale. Mzee wa Kanisa anajua nyumba ambayo mtoto hafichuliwi kwa wageni. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anajua fomu na tarehe ya kikao. Wawili hawa wakikutana, jina linatoka gizani na kuingia kwenye daftari. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote, nasi tuna haki ya kuuliza pale: mwaka huu zimekusanywa ngapi, zimetengwa ngapi, zimewafikia wangapi, je, kamati ya watu wenye ulemavu ipo, na wenyewe wamo ndani yake? Na Mkristo aliyekopa, arejeshe, kwa maana marejesho yake ndiyo mkopo wa anayefuata.

Wale 7 waliwekewa mikono na kuombewa kwa ajili ya kuhudumu mezani. Kanisa la kwanza halikuona aibu kuombea hesabu. Tunapowaombea viongozi wetu Jumapili, tumtaje pia mweka hazina wa halmashauri, na Jumatatu twende tukaulize.