Jina ya Mutu Inaenda Wapi? Historia Fupi ya Orodha za Barua Pepe

Leo tunaleta historia, ila inaanzia kwetu wenyewe, kwenye kikao cha kamati.

Kikundi chetu kina orodha ya watu waliojiandikisha kupata habari zetu kwa barua pepe. Wako zaidi ya mia tatu: vijana wa hapa kambini, wenzetu waliokwisha kuhamia Canada na Australia, walimu, wageni waliokuja siku moja wakapenda kazi zetu. Wakati ule tulikuwa tunatafuta pesa ya kununua kompyuta mbili na kulipia bando. Mtu mmoja wa nje, mwenye kampuni ya matangazo, akatuandikia kwamba atatusaidia bure. Alichotaka ni hiyo orodha tu. Angeipitisha kwenye programu yake, na kila anwani ingerudi na maelezo: huyu kwenye mitandao anaitwa nani, anaishi wapi, anapenda kurasa zipi, marafiki zake ni akina nani. Halafu kila mmoja angepata barua ya kumgusa yeye. Anayependa mpira aandikiwe habari ya timu yetu, anayefuata kurasa za kanisa aandikiwe kwa maneno ya kanisa.

Wengi wetu tulisema sawa. Bure ni bure. Aliyetusimamisha ni mama mmoja wa Fizi anayewakilisha wazazi kwenye kamati, ambaye barua pepe yenyewe hana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Batoto yangu, jina ya mutu ikitoka hapa, inaenda wapi?" Tukaangaliana. Hakuna aliyekuwa na jibu, ndiyo tukaenda kutafuta.

Kumbe habari yenyewe ni ya zamani kuliko sisi wote. Tarehe 3 Mei 1978, kabla watu hawajaijua intaneti, Marekani kulikuwa na mtandao uitwao ARPANET, wa wizara ya ulinzi, uliounganisha vyuo vikuu na vituo vya utafiti. Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta iliyoitwa Digital Equipment Corporation, alitaka watu waje California kuona mashine mpya. Watumiaji wa mtandao ule walikuwa wameorodheshwa kwenye kitabu kilichochapwa, kama kile cha namba za simu. Wakachukua humo anwani za watu wa upande wa magharibi wa nchi, karibu 400, na barua moja ikatumwa kwa wote. Orodha ilikuwa ndefu hadi anwani nyingine hazikuenea mahali pake, zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu walikasirika, na kampuni ikaonywa isirudie. Thuerk mwenyewe alidai baadaye kwamba mashine za mamilioni ya dola ziliuzwa kwa sababu ya barua ile.

Tazameni alichokijua kuhusu hao 400: wanatumia kompyuta, na wanaishi karibu na California. Basi. Hata hivyo tayari alikuwa ameanza kuchagua, maana watu wa mashariki hakuwaandikia.

Miaka iliyofuata barua za matangazo zilijaa kila mahali mpaka serikali zikaingilia. Marekani ilitunga sheria yake Desemba 2003: mtumaji asidanganye, na ampe mpokeaji njia ya kujitoa. Ulaya ilikuwa imekwenda mbali zaidi mwaka 2002, ikataka mtu aombwe ruhusa kwanza. Kwa maoni yetu sheria hizo zililinda mlango wa mbele tu. Zilishughulika na barua inayoingia, wakati mambo makubwa yalikuwa yanaanza nyuma ya nyumba: mtumaji anajua nini juu yako kabla hajaandika?

Hapo ndipo mitandao ya kijamii inaingia. Wengi wetu tulifungua Facebook kwa barua pepe, na barua pepe hiyo hiyo tukaitumia kwingine kote, kuombea masomo, kujiandikisha kwenye mafunzo, kuandikia shirika. Majina tunabadilisha (nani kati yetu hana jina la Facebook ambalo babake halijui?), namba za simu tunabadilisha kila laini ikipotea, lakini barua pepe inabaki. Kwa mfanyabiashara hiyo ni kama kamba: akiivuta, vitu vyako vyote vinakuja pamoja.

Kampuni iliyoivuta ile kamba mapema iliitwa Rapleaf, ya San Francisco. Ilikuwa na huduma ya kumwambia mtu hivi: tuletee anwani za marafiki zako, tutakuonyesha wako kwenye mitandao gani. Watu wakaleta, kwa furaha. Mwaka 2007 waandishi wa habari wa Marekani wakaeleza kwamba nyuma ya huduma hiyo kulikuwa na biashara nyingine ya watu wale wale, ya kuuzia watu wa masoko maelezo. Kampuni inaleta orodha yake ya barua pepe, inarudishiwa orodha ile ile ikiwa imenenepa: umri, jinsia, mahali, vitu mtu anavyopenda. Soma tena ahadi tuliyopewa na yule mtu wa nje. Ni hiyo hiyo.

Oktoba 2010 gazeti la Wall Street Journal lilifuatilia Rapleaf kwa undani. Likakuta inaunganisha mambo ya mtandaoni na kumbukumbu za nje ya mtandao, kama daftari la wapiga kura, na kuwapanga watu kwenye mafungu, ya siasa na ya dini pia. Tena namba za utambulisho za watumiaji wa Facebook zilikuwa zimepelekwa kwa kampuni nyingine. Rapleaf ikajibu kwamba haikukusudia, na imeacha. Kabla mwezi haujaisha Facebook ikatangaza kwamba Rapleaf imekubali kufuta namba hizo na kutofanya tena kazi ndani ya jukwaa lake.

Mtu angesema yameisha. Hapana. Sehemu moja ya kampuni ile, inayoitwa LiveRamp, iliendelea na kazi ya kuunganisha orodha za wateja na watu walioko mtandaoni, na mwaka 2014 ikanunuliwa na kampuni kubwa ya data ya Acxiom kwa dola milioni 310. Facebook nayo, mwaka 2012, ilifungua mlango wake yenyewe. Mwenye biashara anapakia orodha yake ya barua pepe. Kila anwani inageuzwa kuwa mfuatano wa herufi na namba usiosomeka. Facebook inageuza za kwake kwa njia ile ile, na zikilingana, mtu kapatikana. Tangazo linamfuata kwenye simu yake. Mfanyabiashara harudishiwi majina wala kurasa, hiyo ni tofauti kubwa na Rapleaf, tuwe wakweli. Lakini mwenye anwani hakuulizwa siku orodha inapakiwa.

Na tusidanganyane: kupanga barua kwa data kunafanya kazi. Mwenzetu mmoja kwenye kamati alishikilia hoja hii, na hakuwa mjinga. Alituletea mfano wa kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2012. Kampeni ile ilichangisha mtandaoni karibu dola milioni 690, na sehemu kubwa ilitokana na barua pepe. Walikuwa wanajaribu vichwa tofauti vya barua moja kwa vikundi vidogo vya watu kwanza, kisha kile kilicholeta pesa zaidi kinatumwa kwa wote. Barua moja ya Juni 2012, ambayo Obama alisema mpinzani atamzidi kwa matumizi, ilileta zaidi ya dola milioni mbili na nusu peke yake. Na walikuwa na programu ya Facebook: anayeikubali, kampeni inaona marafiki zake, kisha inamwomba amwandikie fulani na fulani kuhusu kupiga kura. Magazeti yalisifu sana akili hiyo.

Miaka michache baadaye sifa ziliisha. Mwaka 2018 dunia ikasikia habari ya Cambridge Analytica: mtafiti mmoja alitengeneza programu ya maswali kwenye Facebook, watu laki mbili na zaidi wakaijibu, na kupitia marafiki zao zikachukuliwa data za watu hadi milioni 87. Mlango ni ule ule wa marafiki. Wanaotusoma mlioko Kenya mnakumbuka jina la kampuni ile pia kwa sababu mkubwa wake mmoja alirekodiwa kwa kamera ya siri akijisifu kwa kazi waliyofanya kwenye uchaguzi wa kwenu. Facebook ilipigwa faini ya dola bilioni 5 mwaka 2019. Sheria nazo zikaja: Ulaya 2018, Uganda na Kenya 2019, Malawi hapa tulipo 2024.

Sasa turudi kwetu. Yule mwenzetu alisema: mambo hayo ni ya Wazungu na uchaguzi wao, sisi tunataka kompyuta mbili tu. Tulikaa na neno hilo muda mrefu. Kwa Mmarekani, kurasa anazopenda zinaeleza pengine atanunua viatu gani. Kwa kijana wa Kivu au wa Burundi zinaweza kueleza ni kabila gani, ametoka kijiji gani, baba yake alikuwa chama gani, na alimkimbia nani. Kwenye orodha yetu wako watu ambao nyumbani wazazi wao hawangekaa meza moja, na hapa wanacheza timu moja. Kuna wengine walibadilisha majina kwa sababu nzuri kabisa. Sasa wote hao uwapange kwenye faili, fungu kwa fungu, kisha uipeleke kwa mtu ambaye hatujamwona uso?

Ndugu wa mashirika, mfano wa orodha iliyosafiri mnao. Juni 2021 Human Rights Watch iliandika kwamba data za wakimbizi wa Rohingya zilizokusanywa na UNHCR pamoja na serikali ya Bangladesh zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. Majina yasiyopungua 830,000. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na wakaombwa ridhaa. Wakimbizi wengi waliohojiwa walisema hawakuambiwa hivyo. Zile hazikuwa barua za matangazo, tunajua. Lakini swali ni lile la mama wa Fizi.

Basi tulimwandikia yule bwana, tukamshukuru na kukataa. Hakujibu. Sisi tukatuma barua moja kwa wote, yenye swali moja: ungependa tukuandikie habari za nini, mpira, shule, muziki, au masomo ya Kiingereza? Waliojibu ni wachache kuliko tulivyotarajia, na tuliwapanga kwa jibu lao wenyewe, si kwa kurasa zao. Wasiojibu wanapata barua ya kawaida kama zamani. Kazi ya kupanga ilituchukua jioni nne kwa simu mbili, umeme ukikatika tunangoja.

Pesa iliyopatikana ilitosha kompyuta moja. Mwenzetu bado anasema tungepata zote mbili, na pengine ni kweli. Orodha iko kwenye hiyo moja, neno la siri wanalo watu wawili. Mama wa Fizi sasa amefunguliwa barua pepe na binti yake. Tulipomuuliza kama tumwingize kwenye orodha, akasema atafikiri kwanza.