Kisu na Sindano: Habari za Uvimbe wa Maji kwa Watoto

Ndani ya mwili wetu hamna mishipa ya damu tu. Iko mingine myembamba yenye kuchukua maji yaitwayo limfa na kuyarudisha katika damu. Mtaliani Gaspare Aselli aliona baadhi yake mwaka 1622, alipopasua mbwa aliyekuwa amekula.

Mara nyingine mishipa hiyo haijengeki vema mtoto angali tumboni mwa mama. Maji hukusanyika, na mifuko hutokea chini ya ngozi, hasa shingoni na kwapani. Mwaka 1843 mganga Adolf Wernher wa Ujerumani aliandika habari za uvimbe huo. Si laana ya ukoo, si kazi ya mchawi, wala si kosa la mama.

Kwa muda mrefu dawa ilikuwa kisu. Lakini mifuko hiyo hujipenyeza kati ya mishipa ya damu na ya fahamu, kama mizizi ndani ya ukuta. Mganga akitaka kuondoa yote, aweza kukata mshipa wa uso, na mdomo wa mtoto ukapinda. Akibakiza kidogo, uvimbe waweza kurudi. Afanye nini basi?

Jibu moja lilitoka Japani. Mwaka 1987 Shuhei Ogita na wenzake wa Kyoto walitangaza dawa iitwayo OK-432. Imetengenezwa kwa mikrobu za streptokoki zilizotiwa penisilini, zisiweze tena kuzaana. Mganga huchoma sindano, huvuta maji ya mfuko, kisha hutia dawa. Mtoto hupata homa siku chache, na mahali pale huvimba zaidi. Baadaye mfuko hunywea polepole, na ngozi haikukatwa.

Tusidhani lakini kwamba sindano hushinda yote. Mifuko mikubwa huitika vema. Ile midogo midogo huitika kwa shida. Mtoto anayedhuriwa na penisilini hapewi dawa hii. Na uvimbe ulio karibu na koo huangaliwa sana hospitalini, kwani ukizidi kuvimba waweza kuziba pumzi.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, msitoboe uvimbe wa mtoto nyumbani, wala msimfiche kwa haya. Mpelekeni kwa mganga mapema. Yeye atapima kama yafaa sindano, au kisu, au kungoja tu.